Kondoo Aliyeliwa Krismasi

Mtaani kwake Kitengela watu humwita Balozi, na Lorna Nalianya hajawahi kuwa balozi hata siku moja. Alikuwa afisa wa elimu katika ubalozi wetu Dar es Salaam, mtu wa nne au wa tano kutoka juu, ukihesabu kwa huruma. Lakini mama mboga akishaamua kwamba wewe ni balozi, utamrekebisha na nini? Lorna amejaribu. Huambiwa, "Sawa Balozi, tumeskia," kisha huongezewa nyanya moja juu, na mambo yanaishia hapo.

Ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma bila kupazwa. Amestaafu, ila kwa jina tu. Kila wiki kuna mtu kwenye viti vyake vya plastiki: huyu binti yake amefukuzwa shule kwa sababu ya mimba, yule mume amemkataza mkewe kumaliza kozi ya ualimu. Lorna huwasikiliza, huvaa viatu, huenda nao. Walimu wakuu wakimwona langoni na mkoba wake wa kahawia hutafuta kiti kwanza, maneno baadaye. Mumewe Lazarus husema mke wake hakustaafu, alihamisha ofisi tu akaileta sebuleni.

Jumatano moja mwaka huu Soipan alimpigia simu kutoka Mashuuru. Soipan ni mwalimu, na ndiye msimamizi wa bweni la wasichana kule. Hakusalimu. Hapo Lorna akajua kuna jambo, maana Mmaasai asiyesalimu ana moto nyuma yake.

"Mwalimu, Parmuat anauza bweni."

"Anauzaje bweni? Bweni ni la shule."

"Nyumba ni ya shule. Ardhi ni ya baba. Na baba hayuko."

Ilikuwa kweli. Ardhi ile alikuwa ameitoa baba yao Soipan na Parmuat, Mzee Kasaine, kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu, enzi ambazo neno la mzee lilitosha. Mzee alikufa mwaka uliopita. Malisho ya jamii yalikuwa yamegawanywa, kila familia ikapata kipande chake, na kipande cha familia ya Kasaine kilikuwa na bweni katikati. Parmuat, mtoto wa kiume mkubwa, alikuwa amepata mnunuzi wa Nairobi aliyetaka kukatakata ploti. Familia ingekutana Jumamosi kukubaliana.

Ndani ya bweni lile walilala wasichana ambao wazazi wao huhama na ng'ombe kiangazi kikikaza. Wengine walikuwa tayari mama, watoto wao wakilelewa na bibi zao mchana, wao wakiwa darasani. Ondoa bweni, na wengi wao wangekuwa wameolewa kabla ya mvua. Lorna alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Na Naisiae atakuwepo?" aliuliza.

"Atakuwepo. Si ndiye mkubwa wetu?"

Lorna alikata simu, akakaa kitako kwenye stuli ya jikoni. Kwenye mikutano alikuwa amewakabili mawaziri bila kutetemeka hata kidogo. Lakini kumtazama Naisiae usoni hakuwa ameweza tangu akiwa mwalimu kijana, na sababu yake ilikuwa kondoo.

Alipofika Mashuuru mara ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na minne, Mbukusu aliyetoka kwenye mahindi na migomba, ameolewa juzi juzi, na Kimaa chote alichokijua kilikuwa salamu. Darasa la sita lilikuwa na wasichana tisa mwezi wa Januari. Kufikia Novemba alikuwa amebaki Naisiae peke yake, binti wa miaka kumi na mitatu aliyefanya hesabu kwa kichwa huku wavulana wakitafuta vidole vya kuazima. Kisha ikasikika kwamba naye amechumbiwa, na baba zake wadogo wamekwisha ahidiwa ng'ombe.

Lorna akaenda bomani. Alikwenda kwa miguu, akaongea kwa Kiswahili, akaomba, akaeleza, karibu alie. Mzee Kasaine alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akainuka, akaenda kwenye zizi, akarudi amemshika kondoo jike mwekundu mwenye mkia mnene.

"Chukua huyu, Mwalimu," akasema. "Sitaki uondoke mkono mtupu."

Lorna akaelewa kwamba amenyimwa mtoto na kupozwa na kondoo. Alishukuru kwa uchungu. Shule ilipofungwa akampakia kwenye lori hadi Athi River, alikokuwa amepanga Lazarus, na siku ya Krismasi Lazarus akanoa kisu. Kwa Wabukusu, mgeni akipewa kuku huyo kuku haachwi awike. Kumla ndiko kumheshimu aliyetoa. Walialika majirani. Hata supu ilikuwa tamu, na Lazarus mpaka leo hawezi kusema uongo kuhusu hilo.

Januari Lorna alirudi Mashuuru, akakutana na Mzee Kasaine kwenye maji.

"Paker," mzee akamwita, uso umemchangamka. "Kondoo wetu hajambo?"

"Alikuwa mtamu sana, Mzee! Ashe oleng, asante sana!"

Mzee akageuka, akaondoka bila kuaga, na muhula mzima hakumsalimia tena.

Ni mpishi wa shule aliyemweleza, baada ya kucheka hadi akajipangusa machozi, kisha akaacha kucheka. Kwa Wamaasai mtu akikupa kondoo, majina yenu yameisha. Kuanzia hapo mnaitana Paker, wewe kwake na yeye kwako, mpaka mmoja afe. Kondoo huyo haliwi. Anatunzwa, anazaa, na watu wakiwaona watoto wake wanakumbuka kwamba nyinyi wawili mmefungana. Na Paker akija na ombi hanyimwi.

"Sasa wewe fikiria," mpishi alisema. "Mzee hakuwa anataka kumwoza huyo mtoto. Ndugu zake ndiyo walikuwa wanataka. Angewaambia, 'Huyu ni Paker wangu, ameniomba, nitafanya nini?' Alikufungulia mlango, Mwalimu. Wewe ukautia kwa sufuria."

Lorna alitaka ardhi ipasuke. Alijifungia chumbani akalia mpaka kichwa kikamuuma. Agosti Naisiae aliolewa. Lorna alisikia nyimbo za harusi akiwa kwenye nyumba yake ya mwalimu, dirisha likiwa limefungwa, na kilichomchoma hakikuwa mila za watu. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa ameshinda bila kujua, akala ushindi wake kwa ugali.

Mwingine angeomba uhamisho. Yeye alingoja mshahara, akaenda mnada wa Kajiado, akanunua kondoo jike mwekundu mwenye mkia mnene, akampeleka mpaka bomani huku akivutwa badala ya kuvuta. Watoto walimcheka njia nzima.

"Mzee, nilikula kwa ujinga," alisema. "Nimekuja na mwingine."

Kasaine alijaribu kununa, ikamshinda. Alicheka. "Kondoo halipwi, Mwalimu. Huyu ni wako. Mwache hapa kwangu na wangu, kwa sababu kwako atapikwa."

Kondoo akakatwa alama sikioni, akabaki bomani, akazaa. Na mwaka uliofuata Lorna alipokuja kumwombea Soipan, mdogo wake Naisiae, alikuja akijua anachofanya. Aliketi, akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za watoto, za majirani na za ng'ombe tena. Ndipo akasema, "Paker, nina ombi." Soipan akabaki shuleni. Baadaye, wasichana walipozidi nafasi ya kulala, Mzee akaita watu, akaonyesha kwa fimbo yake pale chini ya kilima, akasema pawe pa wasichana. Wazazi wakaleta mawe, kanisa likaleta mabati, bweni likasimama.

Lorna akaongeza jambo lake mwenyewe, ambalo wanaume walilicheka sana mwanzoni. Kila msichana aliyemaliza kidato cha nne alimpa mwanakondoo jike kutoka kwenye uzao wa yule wa sikio. Hakumpa baba yake, wala kaka yake. Alimpa msichana, mbele ya watu, na papo hapo wakaanza kuitana Paker. Katika nchi ambayo mwanamke hukamua tu na mwenye mifugo ni mwingine, ghafla kukawa na mabinti wenye kondoo wao. Ukimwambia Lorna kwamba hayo ni mageuzi ya elimu atakwambia ni kondoo tu, ila atatabasamu.

Hapo ndipo kazi yake yote ilipotoka. Alipopandishwa kuwa afisa wa elimu Kajiado, alikuwa anafika mabomani kabla ya barua zake. Aliitwa Nairobi kwenye kamati ya kutafuta jinsi msichana aliyejifungua atakavyorudi darasani, na bwana mmoja mwenye tai alipodai jamii za wafugaji hazitakubali, Lorna alimuuliza, "Wewe uliwahi kupewa nini na wao?" Ilipotafutwa sauti ya kukaa Dar es Salaam kuzungumzia watoto wanaovuka mpaka pale Namanga na mifugo, wakipoteza shule huku na huko, jina lake lilitajwa na watu waliokuwa hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote.

Dar walimtania Kiswahili chake. Alisema "niko na swali" mbele ya ukumbi mzima, watu wakatabasamu kwa upole, naye akatabasamu nao, akauliza swali lake. Wenzake walikimbilia maazimio. Yeye alikimbilia chai. Aliuliza habari za watoto wa wenyeji, za kilimo, za wagonjwa, na aliposema "nina ombi" hakuna aliyekuwa mgeni tena mezani. Walimu wakuu wa shule chache za pande mbili za mpaka walikubaliana mwishowe kwamba mtoto aliyekuja na ng'ombe apokelewe aketi, maswali yaje baadaye. Halikuwa jambo kubwa la kuandikwa magazetini, lakini watoto waliketi.

Hayo yote Lorna anayasimulia akiulizwa, na ana haki. La Naisiae halisimulii.

Jumamosi Lazarus aliendesha gari. Walipita Isinya, wakaacha lami ya Namanga, wakakata kushoto kuelekea Mashuuru, vumbi likiwafuata. Lorna alikuwa amejiandaa kama zamani: Katiba, sheria ya urithi, mpango wa kumpa Parmuat kipande kingine.

"Mama Whitney," Lazarus alisema, "leo umenyamaza sana."

"Nawaza."

"Unawaza ile supu."

"Baba Whitney, endesha gari."

Familia ilikuwa imeketi nje ya nyumba ya Parmuat, wanaume kwenye viti, wanawake pembeni chini. Lorna alisalimia wote mmoja mmoja. Kwa Naisiae alisema "Takwenya" akitazama shanga zake, akajibiwa "Iko" kwa sauti tulivu, akapita haraka. Naisiae alikuwa na miaka hamsini sasa, mrefu, mwenye wajukuu.

Parmuat si mtu mbaya, na isemwe hivyo. Aliongea kwa heshima. "Mwalimu, hakuna mtu hapa anakataa kazi yako. Lakini baba alisema kwa mdomo, na title haiko. Mimi niko na watoto. Nataka kujenga nyumba za kupangisha huko kwenu Kitengela. Wewe mwenyewe uliuziwa ploti na Mmaasai, ama?"

Watu wakacheka, hata Lorna. Kisha akasimama, akaongea. Aliongea vizuri. Alimsifu marehemu, akawasifu wana, akataja sheria bila kuifanya rungu, akataja kipande kingine. Mkutano wowote Dar ungepiga makofi. Hapa baba mdogo wa Parmuat, mzee aliyebaki peke yake katika ndugu wa Kasaine, alikohoa akasema kwa upole:

"Mwalimu, umesema mzuri. Lakini wewe ulikuwa Paker ya Kasaine. Kasaine amekufa. Upaker haurithiwi. Leo wewe ni mgeni wetu, na mgeni hasemi juu ya ardhi."

Na alikuwa amesema kweli. Lorna aliijua mila ile kuliko alivyojua nyingine yoyote, kwa maana aliilipia. Aliketi. Miaka yote ile, na barabara zote zile, zilikuwa zimemrudisha palepale bomani akiwa hana kitu cha kushika. Nyuma ya ua alisikia wasichana wa bweni wakifua nguo na kucheka, hawajui.

Naisiae akasimama.

Hakuna aliyemwita. Alijitoa pale chini kwa wanawake, akaja mpaka katikati, akajifunga shuka vizuri.

"Nitaongea Kiswahili," alisema, "ndiyo Mwalimu asikie yote. Mnasema Paker amekufa. Sawa. Mimi niko na swali moja tu. Ile kondoo ya kwanza, ile walikula Krismasi, nani alilipa?"

Lazarus aliangalia viatu vyake.

"Baba alitoa. Mwalimu alikula. Baba akakasirika, akanyamaza, na nyinyi mkapata njia." Alimgeukia baba mdogo wake, si kwa hasira. "Yeyo, mama yangu, alilia. Mimi ndiyo niliolewa. Nilikuwa nataka kuwa karani wa benki, kwa sababu niliona mmoja Kajiado anahesabu pesa haraka, nikajua mimi naweza kumshinda. Kwa hiyo kondoo ni mimi nililipa. Nimelipa mpaka nimemaliza."

Alinyoosha mkono kuelekea kilimani.

"Na siku baba alionyesha hii ardhi kwa fimbo, kabla aite watu, alikuja kwangu. Alikuja kwa boma ya bwana wangu, akaketi chini, baba yangu, chini kabisa. Akaniambia, 'Pale chini ya kilima nimetoa kwa wasichana, na ni kwa sababu yako.' Hiyo hakuwaambia nyinyi. Hata Mwalimu hakumwambia. Aliniambia mimi."

Lorna aliuma mdomo, lakini machozi hayakumuuliza ruhusa.

"Sasa," Naisiae aliendelea, "Soipan amenisomea sheria. Inasema mtoto ni mtoto. Mimi ndiyo wa kwanza wa Kasaine. Sehemu yangu ni pale bweni iko. Sitaki ingine. Parmuat, uza yako, mimi sikatazi. Yangu ina wasichana."

Parmuat alimtazama dada yake kana kwamba amemwona leo. "Dada, si ungesema mapema?"

"Mapema nani aliniuliza?"

Baba mdogo ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mzee kilichoishia kwenye kikohozi. Akasema kwa Kimaa kwamba binti wa Kasaine ameongea kama Kasaine, na kwamba yeye ni mzee, hataki kwenda kukutana na ndugu yake akiwa na kesi hii mkononi. Waliongea bado, maana Wamaasai hawamalizi jambo kwa neno moja. Parmuat alidai kipande cha kando ya barabara, akapewa. Lakini alasiri ile ile walitembea wote kwenye mpaka, na Soipan akaweka mawe, na kila jiwe liliwekwa likitajwa jina la Naisiae. Wasichana waliacha nguo zao kwenye mabeseni, wakaja kuangalia. Hawakuelewa vyote, ila walimwona mwanamke akitembezwa kwenye ardhi yake na wanaume wakikubali, na hilo halihitaji maelezo.

Lorna alisimama kando, akajivuna. Hakujivunia maneno yake, maana yalikuwa yameshindwa. Alijivunia kwamba alikuwepo kusikia ya mwenziwe. Aliona fahari iliyomjaa kifua mpaka ikawa kama maumivu, akamsogelea Naisiae akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu darasa la sita.

"Naisiae, miaka yote hii mimi..."

"Najua," Naisiae alisema. "Kila ukija unapita barabara ya juu ili usipite kwangu. Tunaona gari. Wajukuu wanasema, 'Koko, yule mwalimu wako anakukimbia tena.'"

Lorna alicheka na kulia kwa pamoja, na mambo hayo mawili hayapendezi kwa mama wa umri wake.

Naisiae akaondoka kidogo, akaenda mahali ambapo mjukuu wake wa kike alikuwa amesimama na kamba mkononi. Alirudi na mwanakondoo jike mwekundu, mkia umeanza kunenepa, sikioni ana ile alama. Binti yake Naisiae alikuwa amemaliza kidato cha nne kwenye bweni lile, akapewa wake kama wenzake, akampa mama yake atunze, naye akatunza hadi likawa kundi, lake mwenyewe, si la mume. Alimwinua mwanakondoo, akamweka mikononi mwa Lorna, na mbele ya watu wote, mbele ya Lazarus aliyekuwa ameanza kusogea karibu kumpapasa mnyama mgongo, akasema:

"Paker, huyu usile."